Albert Calmette na chanjo ya BCG: Je, chanjo ya kifua kikuu inaweza kukinga na magonjwa mengine?

Wengi wetu tuna kovu dogo la mviringo begani au mkononi. Ni alama ya chanjo ya BCG, ile ya kukinga kifua kikuu, ambayo mtoto huchomwa mara tu baada ya kuzaliwa. Herufi hizo tatu tunazisikia kila mara kliniki, lakini ni wachache wanaojua zilikotoka. B ni neno la Kifaransa la kijidudu chenye umbo la kijiti. C na G ni majina ya watu wawili, Calmette na Guérin.

Katika makala hii tunasimulia maisha ya huyo wa kwanza, Albert Calmette, daktari Mfaransa aliyefariki mwaka 1933. Tumemchagua kwa sababu ya swali lililozuka upya wakati wa ugonjwa wa korona: je, chanjo ya zamani inaweza kumsaidia mtu dhidi ya ugonjwa mpya ambao haikutengenezwa kwa ajili yake? Calmette alikutana na swali hilo akiwa hai. Jibu lake linaendelea kutafutwa hadi leo, na sehemu ya utafiti huo imefanyika hapa jirani, Uganda.

Daktari wa jeshi la majini

Albert Calmette alizaliwa tarehe 12 Julai 1863 katika mji wa Nice, kusini mwa Ufaransa. Alisomea udaktari wa jeshi la majini, na kazi hiyo ikamtoa nyumbani akiwa bado kijana. Alihudumu Hong Kong, akafika Gabon na Kongo iliyokuwa chini ya Ufaransa, na pia katika visiwa vidogo vya Wafaransa karibu na Kanada. Huko alikutana na malaria, malale na maradhi mengine ambayo wakati huo madaktari wa Ulaya waliyafahamu kidogo tu.

Mwaka 1890 alirudi Ufaransa akajiunga na mafunzo katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris. Louis Pasteur ndiye mwanasayansi aliyetengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa miaka michache kabla ya hapo. Alimwona kijana huyu ana bidii na hachoki, akamtuma Saigon, katika nchi tunayoiita leo Vietnam, kuanzisha tawi la taasisi hiyo. Calmette alifika huko mwaka 1891. Alianza kutengeneza chanjo ya ndui na ya kichaa cha mbwa palepale, ili watu wasisubiri meli kutoka Ulaya.

Dawa ya sumu ya nyoka

Akiwa Saigon, mafuriko yaliwafukuza nyoka aina ya swila kutoka mashimoni hadi ndani ya kijiji kimoja. Watu wengi waliumwa na wengine wakafa. Msikilizaji wa kijijini hahitaji kuelezwa hofu ya namna hiyo. Calmette aliamua kutafuta dawa.

Njia aliyotumia ni hii. Mnyama, mathalani farasi, anachomwa sumu kidogo sana, kiasi kisichomuua. Baada ya muda anaongezewa, kisha anaongezewa tena. Mwili wake unatengeneza kinga ya kuizima sumu hiyo. Halafu damu ya mnyama inatolewa, ile sehemu yake ya majimaji inatengwa na kusafishwa, na mtu aliyeumwa anachomwa. Katikati ya miaka ya 1890 Calmette alikuwa tayari na dawa iliyotumika kwa binadamu. Dawa za sumu ya nyoka tunazozitumia leo hospitalini bado zinatengenezwa kwa msingi huohuo.

Lakini Calmette alikwenda mbali zaidi. Aliamini kwamba dawa iliyotokana na sumu ya swila ingeweza kumwokoa mtu aliyeumwa na nyoka wa aina nyingine yoyote. Wenzake waliijaribu imani hiyo. Charles Martin huko Australia na Vital Brazil huko Brazili walionesha kwamba haikuwa kweli: dawa ya nyoka mmoja mara nyingi haifanyi kazi kwa nyoka wa jamii nyingine. Ndiyo maana hata leo muuguzi anakuuliza nyoka alikuwa wa rangi gani na ukubwa gani, na ndiyo maana dawa iliyotengenezwa kwa nyoka wa bara jingine inaweza isikufae.

Tuliweke jambo hili akilini, kwa sababu linatusaidia kuelewa yaliyokuja baadaye. Calmette alidhani kinga moja inatosha kwa maadui wengi, na vipimo vikamkatalia.

Lille, jiji la viwanda na kikohozi

Mwaka 1895 Calmette alipewa kuongoza Taasisi mpya ya Pasteur katika jiji la Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Lille lilikuwa jiji la viwanda vya nguo. Wafanyakazi walibanana katika vyumba vidogo visivyopitisha hewa, na kifua kikuu kiliwaua bila huruma. Dawa ya kutibu TB haikuwepo kabisa. Ilipatikana miaka ya 1940, wakati Calmette alikuwa ameshafariki.

Mwaka 1901 alifungua kituo cha kuwahudumia wagonjwa wa TB bila malipo. Kituo hicho kilituma watu kwenda majumbani kuwatembelea wagonjwa, kufundisha usafi na kusaidia familia zilizokwama. Ukifikiria, ni kazi inayofanana sana na ya wahudumu wa afya ya jamii wanaopita vijijini kwetu leo. Calmette aliona kwamba mgonjwa akisharudi kwenye chumba kilekile chenye watu wanane, huduma ya kituoni peke yake haitoshi. Watoto wachanga walikuwa wanaambukizwa na wazazi wao wenyewe. Ilihitajika kinga ya kumwahi mtoto kabla ya ugonjwa.

Miaka 13 ya kuotesha kijidudu

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Camille Guérin, daktari wa mifugo aliyejiunga naye mwaka 1897. Ng'ombe nao hupata kifua kikuu, na kijidudu cha ng'ombe kinafanana sana na kile cha binadamu. Wawili hawa walichukua kijidudu kutoka kwa ng'ombe mgonjwa na kukiotesha maabara juu ya vipande vya viazi mviringo.

Vijidudu hivyo vilikuwa na tabia ya kugandana mabonge mabonge. Ili kuvitenganisha, waliongeza nyongo ya ng'ombe. Wakagundua jambo ambalo hawakulitegemea: vijidudu vilivyooteshwa kwenye nyongo vilikuwa vinapungua ukali. Wakaamua kuendelea hivyohivyo. Kuanzia mwaka 1908, kila baada ya wiki tatu hivi, walihamisha vijidudu kwenye kipande kipya cha kiazi chenye nyongo. Walirudia kazi hiyo mara 230. Iliwachukua miaka 13.

Katikati ya kazi hiyo Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika. Mwaka 1914 ndugu yake Gaston, mhariri wa gazeti kubwa la Paris, alipigwa risasi ofisini kwake na kufa. Mwaka huohuo jeshi la Ujerumani liliiteka Lille. Chakula kikawa haba, hata viazi na nyongo ya ng'ombe vilikuwa shida kupatikana. Baadaye mkewe Calmette alichukuliwa mateka na kupelekwa Ujerumani. Pamoja na hayo yote, kijidudu kiliendelea kuoteshwa.

Kufikia mwaka 1921 walikuwa na kijidudu kilicho hai lakini kilichopoteza uwezo wa kuleta kifua kikuu kwa wanyama waliowajaribu. Mwaka huo, mjini Paris, mtoto mchanga ambaye mama yake alikufa kwa TB baada ya kujifungua alipewa chanjo hiyo kwa mdomo. Mtoto huyo alikuwa anakwenda kulelewa na bibi yake, ambaye naye alikuwa na TB. Hakuugua. Kuanzia mwaka 1924 chanjo ilianza kugawiwa kwa wingi, na katika miaka minne zaidi ya watoto 100,000 nchini Ufaransa walikuwa wameipata.

Watoto waliopona kuliko ilivyotarajiwa

Hapa ndipo swali letu linapozaliwa. Calmette alipoangalia hesabu, aliona kwamba watoto waliochanjwa walikufa kidogo kuliko wasiochanjwa. Hilo alilitegemea. Alichoshangaa ni ukubwa wa tofauti hiyo. Vifo vilivyopungua vilikuwa vingi kuliko vile ambavyo TB peke yake ingeweza kusababisha. Kaskazini mwa Sweden, daktari Carl Näslund naye aliandika mwaka 1932 kwamba aliona jambo hilohilo kwa watoto wa eneo lake. Wote wawili walifikiri kwamba huenda BCG inaupa mwili wa mtoto nguvu ya kupambana na maradhi mengine pia.

Je, walikuwa sahihi? Mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, Major Greenwood, alizipinga hesabu za Calmette, na hoja yake ilikuwa na uzito. Hebu tuichukue kwa mfano wa shamba. Jirani yako ametumia mbegu mpya, akavuna magunia mengi kuliko wewe. Kabla ya kuisifu mbegu, uliza: alipalilia mara ngapi? Aliweka mbolea? Shamba lake liko bondeni penye maji? Mkulima anayejaribu mbegu mpya mara nyingi ndiye pia anayepalilia mapema. Vivyo hivyo, mzazi anayemleta mtoto kwenye chanjo huenda ndiye pia mwenye chakula cha kutosha, au anayeishi karibu na daktari. Ukilinganisha tu waliochanjwa na wasiochanjwa, hujui kilichomwokoa mtoto ni chanjo au ni hayo mengine.

Ili kujua kwa uhakika, unapaswa kugawa shamba moja, udongo mmoja, na kura iamue upande gani upandwe mbegu ipi. Katika utafiti wa dawa ni hivyo pia: kura ndiyo inaamua nani apate chanjo sasa na nani asubiri. Calmette hakuwa na hesabu za namna hiyo.

Msiba wa Lübeck

Kabla swali halijafanyiwa kazi, ulitokea msiba. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, karibu watoto wachanga 250 walipewa chanjo iliyoandaliwa katika maabara ya hospitali ya mji huo. Zaidi ya 70 kati yao walikufa kwa kifua kikuu, na wengine wengi waliugua.

Lawama zilimwangukia Calmette. Uchunguzi ulionesha baadaye kwamba kijidudu kilichotoka Paris hakikuwa na kosa. Katika maabara ya Lübeck, vijidudu vya BCG vilikuwa vimechanganyika na vijidudu vikali vya TB vilivyohifadhiwa mahali hapohapo. Madaktari wawili wa Lübeck walitiwa hatiani mwaka 1932. Lakini imani ya watu katika chanjo ilikuwa imeshapata pigo, na Calmette mwenyewe, aliyekuwa mzee, aliumia sana. Alifariki mjini Paris tarehe 29 Oktoba 1933, akiwa na umri wa miaka 70. Guérin aliishi hadi mwaka 1961, akaiona BCG ikienea dunia nzima.

Leo zaidi ya watoto milioni 100 huchanjwa BCG kila mwaka. Kazi yake iliyothibitishwa ni kumkinga mtoto mdogo dhidi ya TB kali, hasa ile inayoshambulia utando wa ubongo na ile inayosambaa mwili mzima. Kwa TB ya mapafu ya watu wazima kinga yake haitabiriki, na ndiyo maana mtu mzima mwenye kovu la BCG bado anaweza kuugua TB.

Swali larudi tena

Swali la Calmette lilirudishwa hai Afrika, katika nchi ya Guinea-Bissau. Huko mtafiti kutoka Denmark, Peter Aaby, na wenzake wamefuatilia maisha ya watoto tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa kawaida watoto waliozaliwa na uzito mdogo walikuwa wanacheleweshewa BCG. Watafiti wakapiga kura: baadhi wachanjwe mara baada ya kuzaliwa, wengine wasubiri kama ilivyozoeleka. Majaribio matatu yalipojumlishwa, vifo katika mwezi wa kwanza wa maisha vilipungua kwa zaidi ya theluthi moja kwa waliochanjwa mapema. Mtoto wa wiki tatu hafi kwa TB kirahisi. Kilichopungua ni vifo vya maambukizi mengine.

Mjini Entebbe, Uganda, watoto 560 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021. Nusu walichanjwa siku ya kuzaliwa, nusu wakiwa na wiki sita. Katika wiki hizo sita za mwanzo, waliochanjwa mapema waliugua maambukizi yasiyo ya TB kidogo kuliko wenzao.

Hata hivyo, picha haiko hivyo kila mahali. Nchini Denmark, utafiti wa watoto zaidi ya 4,000 haukuona kwamba BCG inapunguza watoto kulazwa hospitali. Nchini India, majaribio kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo hayakuonesha vifo kupungua. Huenda sababu ni kwamba mtoto wa Denmark hakutani na maambukizi mengi anayokutana nayo mtoto wa Bissau. Huenda pia ni aina ya BCG iliyotumika, kwa sababu kijidudu cha Calmette kilioteshwa katika maabara nyingi za dunia kwa miaka mingi, na vizazi vyake vya leo havilingani kabisa.

Korona ilipoingia mwaka 2020, wengi walitumaini kwamba BCG ingekuwa ngao ya muda hadi chanjo ipatikane. Shirika la Afya Duniani likaonya kwamba ushahidi haukuwepo na chanjo isitumike hivyo. Utafiti mdogo wa wazee nchini Ugiriki ulileta matumaini. Lakini utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Melbourne, Australia, na kuwahusisha wahudumu wa afya karibu 4,000 katika nchi tano, haukuona kwamba BCG inawakinga watu wazima na korona. Kwa hiyo waliosema kovu la utotoni linatosha walikosea.

Inawezekanaje?

Mwili una walinzi wa aina mbili. Wapo wanaofanana na askari mwenye picha ya mhalifu mmoja: wanamjua huyo tu, na wanamkumbuka kwa miaka. Hawa ndio wanaotegemewa na chanjo nyingi. Wapo pia wanaofanana na mbwa wa boma: wanabweka kwa mgeni yeyote, bila kumjua kwa jina.

Zamani ilidhaniwa kwamba mbwa hawa hawajifunzi kitu. Katika miaka ya 2010, Mihai Netea na wenzake nchini Uholanzi walionesha kwamba baada ya mtu kuchanjwa BCG, chembe hizi za ulinzi hubaki macho zaidi kwa miezi kadhaa, na huwahi kuwakabili hata vijidudu visivyohusiana na TB. BCG ni chanjo ya kijidudu kilicho hai, na huenda hiyo ndiyo sababu. Kuwa macho huko hakumaanishi kila adui atashindwa, kama korona ilivyotuonesha.

Faida ya ziada ya chanjo ya surua inaeleweka vizuri zaidi katika jambo moja. Surua ikimpata mtoto, inafuta sehemu kubwa ya kumbukumbu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya maradhi mengine. Ukimkinga na surua, umeilinda na kumbukumbu hiyo.

Maana yake kwetu

Chupa moja ya BCG kwa kawaida ina dozi 20, na ikishafunguliwa lazima itumike ndani ya saa sita, kisha inayobaki inamwagwa. Kwa sababu hiyo, katika zahanati nyingi muuguzi husubiri watoto watimie ndipo aifungue. Mama aliyetembea kilomita nyingi anaambiwa arudi siku nyingine. Siku zinakuwa wiki, na wakati mwingine mtoto hachanjwi hadi miezi kadhaa.

Kama BCG ingekuwa ya TB tu, kuchelewa wiki chache kungeonekana jambo dogo. Lakini kama walichokiona watafiti wa Bissau na Entebbe ni kweli kwetu, basi wiki hizo za mwanzo ndizo zenye thamani kubwa, hasa kwa mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo. Dozi chache zilizomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto mmoja.

Kwa hiyo tunawashauri wazazi haya. Ukijifungulia kituoni, ulizia BCG kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani. Ukijifungulia nyumbani, mpeleke mtoto mapema, na kwanza piga simu au mtumie mtu aulize siku ambayo chupa itafunguliwa. Kama wapo kina mama wengine wenye watoto wachanga kijijini, nendeni pamoja siku moja, chupa itafunguliwa bila kusita. Mwenye VVU amweleze mhudumu, kwa sababu mtoto anayejulikana kuwa na virusi anahitaji kuangaliwa na daktari kwanza kabla ya kupewa chanjo hii iliyo hai. Na BCG isikufanye uache chanjo nyingine, kwani kila moja ina kazi yake.

Calmette alikosea kuhusu nyoka, na tulijua hivyo kwa sababu watu walipima. Kuhusu watoto wachanga huenda alikuwa sahihi, na hilo nalo linaendelea kupimwa. Wakati watafiti wakimaliza kazi yao, sisi tunajua tayari kwamba chanjo ya siku ya kwanza inamkinga mtoto na TB kali. Hiyo peke yake inatosha kumpeleka mapema.